Majina ya Wales, mnayatamkaje?

Kibao: Wadau, niko Bristol, wikiendi tunaenda Wales na wenzangu wa kazini. Kila wakiona kibao cha barabarani ni kucheka tu, eti herufi zimemwagika. Wenyeji hawachukii kweli? Na hii Dolgellau inasomwaje jamani?

MamaZuu: Wanachoka bwana. Ukikosea hakuna neno, watakurekebisha vizuri tu, kinachoudhi ni mtu kugoma hata kujaribu halafu anajiona mchekeshaji. Ll weka ulimi kama unataka kusema l halafu puliza hewa pembeni, basi. Mkazo unakaa silabi ya pili toka mwisho kama kwetu, kwa hiyo dolGEllai.

Mpanda_Mlima: Na dd ni dh ya dhahabu kabisa, f ni v, w mara nyingi ni u. Yr Wyddfa, ule mlima mrefu kuliko yote Wales, sema er UIdhva, Mswahili anaimudu kuliko hao wenzako 😂 2022 hifadhi ya taifa ya huko ilipoamua kutumia Yr Wyddfa badala ya jina la Kiingereza, Snowdon, kuna watu walilalamika balaa

Kibao: na lile jina refu la kijiji cha kule kisiwa cha Anglesey?

MamaZuu: Lile la herufi 58 lilirefushwa makusudi miaka ya 1860 kuvutia abiria wa treni, wenyewe wanasema Llanfairpwll