Kupanda mawimbi kwa ubao: kaunti iwafundishe vijana, au ni mchezo wa wageni?

Damu ya Kibokoni: Naomba maoni. Pale ufuo wa Pirates, Mombasa, vijana wetu wanabaki kukodisha maboya. Kwa nini kaunti isiwafundishe kupanda mawimbi? Mchezo uko Olimpiki tangu Tokyo, na 2024 ulifanyiwa Tahiti.

Nahodha Mstaafu: Mawimbi gani, yakhe? Kuanzia Nyali hadi Bamburi mwamba unayavunja kule nje. Yakifika ufuoni hayana nguvu. Na ukitaka kuyafuata mwambani, maji yakipwa ni matumbawe matupu, mtoto atarudi amechanika.

Msafiri wa Bara: Tuache kuiga Wazungu. Halafu watoto wengi wa Mombasa hata kuogelea hawajui.

Mama Kisauni: Umeyatoa wapi hayo? Wanangu watatu wamejifunza kuogelea Tudor kabla ya darasa la kwanza. Uje uwaone, kisha urudi uandike tena.

Damu ya Kibokoni: Wazungu vipi? Ni mchezo wa Wahawaii, wafalme wao wakiucheza. Wamishonari walipofika 1820 ndio walioukemea. Aliyeueneza duniani ni Duke Kahanamoku, Mhawaii asilia, aliyechukua dhahabu ya kuogelea 1912. Na Ghana miaka ya 1640 Mjerumani aliandika kuhusu watoto walioelea juu ya mbao.

Nahodha Mstaafu: Ghana bahari yao iko wazi. Sisi Mungu ametupa mwamba na upepo. Kusi ikivuma, Diani wanavutwa na tiara juu ya maji. Fundisheni hiyo.

Mama Kisauni: Nahodha, mimi bado namngoja huyo wa bara.

Msafiri wa Bara: Mama, sikumtukana mtu. Binamu yangu alizama Bamburi, bamvua, maji yakijaa, na vijana kumi wamesimama ufuoni, hakuna aliyeweza kumfuata. Ndiyo maana nasema kuogelea kwanza.

Mama Kisauni: Pole sana, mwanangu. Ungeanza na hilo tusingefika hapa. Lakini waogelee wapi? Kichochoro tulichopita tangu utotoni kushuka baharini kimejengwa ukuta.

Damu ya Kibokoni: Cha kwenu pia? Chetu kimewekwa geti na askari.

Nahodha Mstaafu: Sisi wavuvi tunazunguka nusu saa na nyavu mabegani. Tajeni vichochoro vyote hapa, kimoja kimoja, tuvipeleke kwa mwakilishi wa wadi.