Binti anamaliza kidato cha nne, nimpe nini siku ya mahafali?

FundiKeko
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi seremala, nipo Keko mwaka wa 20 sasa, naishi Mbagala Rangi Tatu. Binti yangu wa kwanza yupo kidato cha nne, ana miaka 17. Mahafali yao ni Jumamosi ya pili ya Oktoba. Barua ya shule imeshakuja: mchango, idadi ya wageni, na onyo kwamba matarumbeta marufuku. Kuhusu zawadi hawakuandika kitu, ndiyo nimekuja kwenu.

Bajeti ni 200,000. Nikibanwa sana nasogea mpaka 250,000, kama yule mteja wa kabati atamalizia hela yake (kabati limekaa karakana tangu Juni, mwenyewe kila nikimpigia yupo msibani).

Mama yake anataka simu. Anasema wenzake wote watapewa simu, binti atajisikia mnyonge. Mimi roho inasita, ila sina hoja zaidi ya "simu itamharibu", na hoja hiyo kwangu nyumbani imeshachakaa.

Kabla hamjasema: msiniambie nimchongee kitu. Meza ya kusomea nilimchongea akiwa darasa la tano, mpaka leo analalamika inayumba. Sakafu ndiyo haiko sawa, meza haina tatizo.

Na jingine. Nilipomaliza darasa la saba mwaka 1994, marehemu baba alinipa randa, ile ya kulainishia mbao. Mpya, ya chuma, ameizungushia gazeti. Nilifurahi sana mchana kutwa. Usiku nimelala ndipo nikaelewa maana yake: shule basi, kesho twende kazini. Simlaumu, randa ile imenilisha. Ila sitaki binti yangu afungue zawadi akute ujumbe kama ule. Kwa hiyo mkitaja cherehani nitawasoma tu, sitajibu.

Nawasilisha.

Mtoto_wa_Aggrey
Fundi, mimi nauza simu Kariakoo mtaa wa Aggrey, kwa hiyo ningetakiwa kukwambia njoo dukani kesho. Lakini umeandika vizuri, acha nikwambie ukweli.

Kwa hela hiyo utapata simu ya tachi mpya ya kawaida, au ya mtumba yenye jina kubwa. Binti atataka hiyo ya pili, na hiyo ya pili ndiyo wazazi wanapigwa. Kabla hujatoa hela bonyeza *#06#, itakuja namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu yenyewe), itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Ukijibiwa jina la simu nyingine tofauti na uliyoshika, irudishe kwenye kaunta, uage kwa adabu. TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki Juni 2016, na siku ile nilishuhudia watu wazima wanalia dukani.

Halafu laini utaisajili wewe kwa kitambulisho chako cha NIDA, maana hajafika 18. Akimtukana mtu mtandaoni, mtukanaji ni wewe.

MwalimuWaZamu
Mzazi mwenzangu, mimi nafundisha sekondari, na hili huwa linanikera kila mwaka. Mahafali tunafanya KABLA ya mtihani. NECTA wanaanza Novemba. Mtoto anavaa joho Jumamosi, anapigwa picha, anakula keki, Jumatatu anatakiwa awe darasani anafanya maswali ya miaka iliyopita. Wewe umempa simu Jumamosi. Unadhani Jumatatu yupo wapi? Mwili upo. Oktoba droo yangu ya ofisini inafanana na duka la huyo bwana wa Aggrey.

Akifaulu, simu shuleni hairuhusiwi. Akipangiwa bweni itabaki Mbagala na mama yake (labda ndiyo maana mama anaipigia debe, nisamehewe).

Sasa hesabu: matokeo Januari, kidato cha tano Julai. Ada ya kidato cha tano na sita imefutwa tangu mwaka wa masomo 2022/2023, lakini godoro, tranka, ndoo, shuka na nauli havijafutwa, na mtoto wa Mbagala anaweza kupangiwa Kigoma. Toa laki moja kwenye hiyo bajeti uiweke pembeni leo, usiiguse. Siku ya mahafali mvishe maua shingoni, simama naye picha, umlishe. Zawadi yenyewe mpe siku anatoka kwenye karatasi ya mwisho.

Vipande
Mnunulie vipande UTT AMIS, ile taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji; kipande ni sehemu yako ndani ya mfuko. Kuna Mfuko wa Watoto, kuna Umoja ulioanza tangu 2005. Simu inashuka bei ukishatoka tu mlangoni, vipande vinakua.

Mtoto_wa_Aggrey
Mkuu Vipande, umewahi kumkabidhi binti wa miaka 17 karatasi ya uwekezaji mbele ya wenzake? Fundi atarudi Mbagala peke yake.

Bi Tandika
Mwanangu fundi, mimi mtu mzima, naandika kwa simu ya mjukuu. Nilipopangiwa kwenda kusoma Tabora, mama yangu alinipa doti moja ya kanga, imeandikwa "Mama nipe radhi kuishi na watu kazi". Nilikasirika, nilitaka viatu. Kwenye treni usiku baridi ilipoingia nikajifunika. Bwenini ikawa shuka, ikawa pazia, baadaye nikabebea mtoto. Kipande kimoja ninacho mpaka leo, kimechanika, hakifai hata kushikia sufuria, na ole wake atakayeshikia sufuria.

Kanga haikuzidi bajeti. Nenda na mama yake mtaa wa Uhuru, yeye ndiye achague jina, wewe usiingilie, wanaume huwa mnachagua rangi tu.

Ila nimesoma wote humu, hakuna aliyeuliza. Mwenyewe umemuuliza?

FundiKeko
Wakuu, nimeleta mrejesho. Bi Tandika, shikamoo. Nimemuuliza.

Tulikuwa kwenye daladala jana jioni. Kimya kutoka Kwa Azizi Ali mpaka karibu na Misheni, nikadhani hajasikia. Kisha akasema, "Nataka draya."

Kwa wasiojua, ni ile ya kukaushia na kunyooshea nywele. Kumbe Jumapili akisuka watoto wa jirani, draya anaazima saluni ya mtaa wa pili na analipishwa 1,000 kila anapoichukua. Kichwa kimoja yeye anatoza 5,000. Mimi nilijua anasuka, sikujua anasuka kwa hesabu. Ana daftari.

Nikaiona randa ile pale pale. Nikamwambia, sikusomeshi uwe msusi. Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayetaka kitanda cha mninga kwa bei ya mbao za paini. Akasema, "Baba, nikipangiwa Kigoma nauli ya likizo utaitoa kwa yule wa kabati?" Konda akacheka. Mimi nikaangalia dirishani.

Amepanga Novemba mpaka Julai asuke, na akienda bweni draya itabaki kwa mdogo wake ambaye sasa anafundishwa kusuka kwa wanasesere. Simu hakuitaja. Mama yake alipomuuliza akajibu atatumia ya mama. Mama kanyamaza.

Bado sina uhakika kama nimefanya sawa. Mke wangu anasema mimi naona randa kila mahali. Lakini draya nimenunua, 45,000 Kariakoo, niliomba waiwashe mbele yangu. Doti ya kanga mama yake amenunua, jina amelichagua yeye na amekataa kuniambia, anasema nitalisoma siku hiyo na wageni wengine. Mwalimu, laki yako ipo kwa mama, kwangu isingekaa.

Draya nitaitoa siku ya karatasi ya mwisho, kama mlivyosema. Nyumbani hakuna pa kuificha, chumba kimoja na sebule, kila kitu kinaonekana. Nimeifunga gazeti nikaiweka karakana, ndani ya lile kabati. Sasa leo mchana mteja kapiga, anasema msiba umeisha, kesho anakuja na gari.