Mjadala: Simu inapimwa kila kitu isipokuwa usimu wake

Mleta mada:
Wadau, huu ni mwezi wa pili tangu nibadilishe simu, na siku hizi nimekuwa mtu wa kuongelea dirishani. Ile ya zamani ina ufa kona hadi kona na betri yake haifiki jioni, lakini jikoni ilikuwa inashika. Hii mpya ina kamera tatu na kioo kinang'aa kama maji, ila nikivuka tu mlango wa jikoni inaandika "simu za dharura tu". Laini ni ileile, nimeitoa huku nikaipachika huku kwa mikono yangu.

Nikaanza kuzungushwa. Aliyeniuzia akasema nenda kwa watu wa mtandao. Watu wa mtandao wakasema ramani yao inaonyesha eneo langu liko vizuri, nikaangalie kifaa. Kituo cha huduma cha watengenezaji kilikaa nayo siku tatu, kikairudisha na karatasi inayosema hakuna hitilafu iliyoonekana. Sasa kama hakuna mwenye kosa kati ya hao watatu, nadhani kosa ni la jikoni.

Hoja yangu ni hii: sheria ilazimishe boksi la simu liseme simu hiyo inashika mtandao kwa kiwango gani. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, kila simu janja mpya inayoingia sokoni lazima iwe na lebo, kama zile za majokofu. Humo utakuta daraja la matumizi ya umeme, betri inakaa saa ngapi, simu inastahimili kuanguka kiasi gani, inatengenezeka kwa urahisi au la, na kinga yake dhidi ya maji na vumbi. Uwezo wa kushika mtandao? Hamna. Yaani kifaa kinachoitwa simu kimepimwa kila kitu isipokuwa usimu wake.

Tujadili. Na wale wa "vua kava", nimeshavua.

Mdau:
Umejaribu kuizima na kuiwasha?

Mleta mada:
Mara ngapi nimeizima! Nimeiweka hali ya ndege nikaitoa, nimefuta mipangilio ya mtandao, nimebadilisha hadi laini. Tuendelee.

Mdau wa minara:
Nimefanya kazi ya kupima mawimbi miaka kadhaa, kwa hiyo nitakupinga kwa heshima.

Kwanza, vijiti unavyoviona juu ya kioo si kipimo. Hakuna kiwango cha kimataifa kinachosema kijiti kimoja ni nguvu kiasi gani, kila mtengenezaji anachora anavyopenda. Simu mbili zikiwa mezani pamoja, moja ina vijiti vinne na nyingine viwili, huenda zinapokea sawasawa.

Pili, watu wanadhani tatizo ni simu kutousikia mnara. Mara nyingi ni kinyume chake: mnara ndio hauisikii simu. Mnara una umeme wa kutosha na antena kubwa iliyo juu. Simu ya 4G, kwa kawaida, mwisho wake wa kurusha mawimbi ni wati 0.2 tu. Zile simu za kitufe za kizazi cha pili zilikuwa zinarusha hadi wati 2 kwa mapigo mafupi mafupi kwenye masafa ya megahezi 900. Ndiyo maana wazee wanasema simu za zamani zilikuwa zinashika hata shimoni. Hawakosei sana.

Tatu, masafa, yaani mawimbi yanatetema haraka kiasi gani. Chukua megahezi 800 na megahezi 2,600, umbali uleule na antena za aina ileile. Nguvu inayofika kwenye ile ya 2,600 ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya 800, na bado hujaweka ukuta. Ukiongeza zege lenye nondo, au vile vioo vya kisasa vilivyopakwa utando mwembamba wa metali kuzuia joto, umemaliza habari. Jikoni kwako kuna nini? Vigae, jokofu, mabomba, mashine. Ni pango la chuma hilo.

Sasa wewe unataka namba moja kwenye boksi. Itapimwa maabara, ndani ya chumba kilichofunikwa masponji ili mawimbi yasirudi. Mtu atasoma "daraja A" halafu aende nyumbani akute haishiki, na kesi zitakuwa mara mbili ya sasa.

Mleta mada:
Hilo la vijiti umenipa silaha mwenyewe. Mnakumbuka iPhone 4, mwaka 2010? Fremu yake ya chuma ndiyo ilikuwa antena, na upande wa kushoto chini kulikuwa na mwanya. Ukiishika kawaida kwa mkono wa kushoto, kiganja kinauziba na mtandao unaporomoka. Wapimaji wa AnandTech, tovuti ya kuchambua vifaa, walikuta ikishikwa kawaida inapoteza karibu desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi). Kupoteza desibeli 3 tu ni kubakiwa na nusu ya nguvu, basi 20 ni kubakiwa na sehemu moja ya mia.

Jibu la kwanza la Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, kwa mteja aliyemwandikia lilikuwa, kwa maneno mengine, usiishike hivyo. Tarehe 2 Julai kampuni ikatoa barua: tumegundua fomula yetu ya kuchora vijiti ilikuwa na makosa makubwa, inaonyesha hata vijiti viwili zaidi ya inavyostahili. Tarehe 12 Consumer Reports, jarida la Marekani linalopima bidhaa, wakasema hawawezi kuipendekeza. Tarehe 16 ukaitishwa mkutano na waandishi, wateja wakaahidiwa kava za bure. Mwaka 2012 kesi ya pamoja ikamalizwa: uliyeko kwenye kundi la wadai uchukue dola 15 au kava.

Niambie, ndugu wa minara, kama wangelazimika kuandika kwenye boksi matokeo ya simu ikiwa mkononi, ingefika sokoni vile?

Mdau wa minara:
Umeisimulia nusu. Wapimaji haohao walieleza kwamba kwenye simu ile vijiti vyote vitano vilianzia desibeli hasi 91 kwenda juu hadi karibu hasi 51, halafu hatua zote za kutoka vijiti vinne hadi kimoja zikabanwa kati ya hasi 91 na hasi 113. Kwa hiyo aliye karibu na mnara alipoteza desibeli zilezile na asione kitu, na aliye mbali akaona vijiti vinaanguka kama maembe. Antena ilikuwa na kasoro, sikatai. Lakini kilele cha kelele kilitokana na mchoro.

Na Jobs siku ile alisema simu hiyo inakatika chini ya mara moja zaidi kwa kila simu mia zinazopigwa, ukilinganisha na ile iliyotangulia.

Mleta mada:
Takwimu ya mwenye duka kuhusu duka lake.

Dada muuzaji:
Naomba niseme jambo ambalo hamtalipenda. Nauza simu. Wateja wananiuliza kamera, hifadhi, inachaji kwa dakika ngapi, kuna rangi gani. Miaka yote hii sijawahi kuulizwa inashikaje mtandao. Hata mleta mada, bila shaka, hakuuliza. Tuliwacheka watu wenye simu za antena ya kuvuta, tukazitaka za antena ya ndani. Nokia 3210 ya mwaka 1999 iliuzwa kwa mamilioni na watu waliipenda kwa kukosa ule mkia. Baadaye tukataka nyembamba, tukataka ya chuma, tukataka kioo mbele na nyuma, kioo kifike mpaka ukingoni. Antena ikawa inasukumwa kwenye pembe iliyobaki. Watengenezaji walitupa tulichoomba.

Mleta mada:
Dada, sikuuliza, ni kweli. Sikuuliza pia kama ina spika. Kuna mambo mtu anaponunua simu anaamini yapo.

Mdau wa minara:
Dada amesema kitu. Na kuna kamba nyingine watu hawaioni. Mtengenezaji hawezi kuongeza tu nguvu ya kurusha, maana kuna viwango vya mionzi inayoingia mwilini. Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12 kwa sababu, ikipimwa ikiwa mkononi au mfukoni, ilifika wati 5.74 kwa kilo wakati kikomo ni wati 4. Kampuni ikatoa sasisho la programu kwa ajili ya nchi hiyo. Ukimbana mtengenezaji aongeze, kuna mwingine anambana apunguze.

Mdau (mwalimu wa fizikia):
Samahani, nadandia. Hoja ya mdau wa minara kwamba namba ya maabara haitasaidia si kweli. Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, mwaka 2016 kilitoa ripoti, kwa ajili ya nchi za Nordic (kaskazini mwa Ulaya), ya simu zilizokuwa zinatumika sana huko, zikiwa zimeshikwa na mkono wa bandia pembeni ya kichwa cha bandia, kulia na kushoto kando kando. Zilitofautiana sana. Kuna simu nzuri kwa anayeongelea sikio la kulia ambayo kushoto ni balaa. Ukijiuliza kwa nini mwenzako hapotezi mtandao na nyinyi mna simu pacha, huenda jibu ni sikio.

Kwa hiyo vipimo vipo, na watengenezaji wanavyo. Wasichokuwa navyo ni sababu ya kutuonyesha.

Fundi:
Mmeongea fizikia vya kutosha, sasa nisikilizeni mimi ninayezifungua.

Simu zinazoletwa kwangu kwa "haishiki mtandao" nazigawa hivi. Zipo zilizowahi kufunguliwa kubadilishwa kioo, fundi aliyetangulia hakurudisha vizuri ule waya mwembamba wa antena au alikaza skrubu isiyo yake. Zipo zilizoanguka au kulowa. Halafu kuna kundi linalonitesa: simu nzima kabisa, haina ubaya wowote, ila si ya soko hili. Simu yenye jina moja na sura moja hutengenezwa kwa matoleo kadhaa, kila toleo na bendi zake, yaani mafungu ya masafa linayoyashika. Kilichoandikwa mbele ya boksi ni jina tu. Ukweli uko kwenye zile herufi ndogo za namba ya modeli, huko nyuma, chini ya msimbo wa mistari.

Mleta mada, nenda kwenye mipangilio, "kuhusu simu", soma namba ya modeli yote, usiache herufi hata moja. Halafu tafuta bendi zake na ulinganishe na za mtandao wako.

Na lingine. Minara ya 3G inazimwa sehemu nyingi duniani. Simu ikiwa haijaruhusiwa kupiga sauti juu ya 4G kwenye mtandao wako, ilikuwa inarudi 3G kimyakimya na wewe hujui. Ikizimwa, intaneti unayo, kupiga huwezi. Australia walipozima 3G mwishoni mwa Oktoba 2024 waligundua simu za ajabu zaidi: namba za kawaida zinazipiga kwa 4G vizuri, lakini ukipiga namba ya dharura zinakimbilia 3G ambayo haipo. Kampuni za simu zikalazimishwa kuzifungia kabisa.

Mdau:
Kwa hiyo mtu ana simu nzima na anafungiwa?

Fundi:
Bora afungiwe akiwa mzima kuliko agundue nyumba ikiwaka moto.

Mleta mada:
Nimerudi. Fundi, Mungu akupe maisha marefu. Modeli yangu inaishia na herufi mbili ambazo si za toleo la huku. Nimelinganisha bendi. Ile ya chini, ambayo mtandao wangu unaitegemea kupenya ndani ya nyumba, haimo. Nje inashika zile za juu vizuri, ndiyo maana kituo cha huduma hawakuona kitu. Hawakuwa jikoni kwangu. Simu ya zamani nayo nimeiangalia, bendi hiyo inayo.

Narekebisha hoja, sifuti. Daraja la A na B liacheni kwanza, mwalimu na mdau wa minara wabishane. Lakini bendi! Hicho si kitu cha maabara wala cha mkono wa bandia. Ni ndiyo au hapana. Mtengenezaji anajua, mtandao unajua, na aliyeingiza simu alijua au alitakiwa kujua. Kwa nini nimejua mimi wa mwisho, tena kwa kuelekezwa na fundi ambaye sijamlipa?

Mdau wa minara:
Kwenye bendi sina ubishi. Mitandao ingeweza hata kukwambia siku ya kwanza unapoweka laini, maana simu ikijiunga inautangazia mnara bendi inazoziweza. Taarifa wanayo.

Ila usimtoe mnunuzi kabisa. Aliyeleta simu kwa mlango wa nyuma kwa sababu ni nafuu, anamdai nani?

Dada muuzaji:
Na mimi niliyeuziwa na aliyeuziwa? Mnataka nikariri bendi za kila herufi? Boksi zenyewe zinakuja zimefungwa, na mteja ananikataza kuzifungua kwa sababu anataka kuzifungua mwenyewe.

Mleta mada:
Dada, msimbo uko nje ya boksi. Hauhitaji kufungua.

Dada muuzaji:
Uko nje kwa maandishi ya ukubwa wa chungu. Lazimisheni mtengenezaji ayakuze, nitayasoma.

Fundi:
Mleta mada, unairudisha?

Mleta mada:
Nilipeleka asubuhi. Wamesema muda wa kurudisha umepita, na zaidi ya hapo wana karatasi ya kituo cha huduma: hakuna hitilafu. Laini nimeirudisha kwenye ile yenye ufa. Hii nyingine naipigia picha.