UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) ikiisha, wasichana wangu wanakosa pa kuchezea. Nianzie wapi?

Ticha_Kongwa
Mbukwenyi wakuu. Ni mwalimu wa kike, nafundisha Jiografia sekondari ya kata huku Kongwa, na michezo nimejitwisha mwenyewe. Nina wasichana 17 wanaopenda mpira kwelikweli. Mipira ni miwili, na adui yake ni mbigili. Kabla ya mazoezi tunajipanga mstari, tunatembea uwanja mzima tumeinama, tunaokota. Bado mpira unapasuka, tunapeleka blada kwa fundi baiskeli aizibe.

Hilo tunalimudu. Linaloniumiza ni hili: michezo ya shule ikikaribia kila mtu ananijua, hata nauli inapatikana. Ikiisha, kimya hadi mwaka unaofuata. Wavulana wana ndondo za mtaani, wana kombe la mbuzi. Wasichana hawana hata mechi moja.

Kiungo wangu bora alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Alinirudishia njumu za shule zimefuliwa, zimefungwa kwenye rambo. Sasa anauza karanga barabarani Kibaigwa, na nikishuka kwenye basi ananikimbilia: "Mwalimu, bado mnacheza?"

Niliwasimulia Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walivyoifunga Ufaransa 2-1 kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India 2022, wakafika robo fainali. Mmoja akaniuliza, "Wao walikuwa wanacheza na nani kabla ya hapo?" Nilikosa jibu. Naombeni msaada, mechi za Julai hadi Novemba nazipataje?

BekiWaZamani
Mwalimu, pole na hongera. Ligi Kuu ya Wanawake ilipoanza msimu wa 2016/17 mimi nilikuwa benchi kwenye timu moja, kwa hiyo nakuelewa. Usisubiri ligi ikufuate. Tafuta shule mbili za barabara hiyohiyo, mcheze Jumamosi kwa zamu. Halafu waombe waandaaji wa ndondo mcheze kabla ya fainali yao. Watu wameshajaa, chokaa imeshapigwa, mwamuzi yupo. Sisi tulipata jezi zetu za kwanza hivyo, mwenye duka la pembejeo alituona akaguswa.

Pia andika barua kwa afisa michezo wa halmashauri na chama cha mpira cha wilaya. Usiitume, ipeleke mwenyewe, ugongewe muhuri kwenye nakala. Waulize ligi ya wanawake ya mkoa inasajili lini, maana huko hata waliomaliza shule wanaruhusiwa.

MamaWawili_Chamwino
Mwalimu, mimi naongea kama mzazi. Binti yangu nilimkataza mwenyewe. Alikuwa anarudi giza limeingia, ndoo hazijajazwa, baba yake anafoka. Kocha wake akaja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akala mlenda na sisi, akamsikiliza mzee hadi mwisho. Mazoezi yakahamia Jumamosi asubuhi baada ya maji. Nenda nyumba kwa nyumba, mwalimu. Na weka pedi kwenye begi la mipira bila kusubiri waombe, wengi wanakosa mazoezi kwa sababu hiyo na hawasemi.

Mdau_Area_C
Naongezea kidogo. Hapa Dodoma tumekuwa na timu zilizocheza Ligi Kuu, Fountain Gate Princess na Baobab Queens. Wakitangaza majaribio, leta wawili watatu walioiva. Ila usiwaahidi Ulaya. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Uswidi, na 2024 akasajiliwa Brighton ya Uingereza, lakini wa namna yake ni wachache mno. Waahidi mechi ya Jumamosi, hiyo utaitimiza.

Ticha_Kongwa
Asanteni sana, Mungu awabariki. Mama, la pedi limenichoma, sikuwahi kuliwaza hivyo na mimi ni mwanamke. Barua nimeanza kuiandika. Kesho napita Kibaigwa kuongea na walimu wa shule ya pale, na njumu za yule binti naenda nazo. Namba 38, hakuna mwingine zinayemtosha.