Mrejesho: yule mgombea huru wa wadi

Wakubwa, shikamooni. Mimi ndiye niliyeuliza, kabla ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022, vipi mwanamke asiye na chama atamkabili MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti) aliyeko kitini. Ahsanteni sana.

Aliyenionya nisiishie kwenye saini 500 za wapiga kura wa wadi zinazotakiwa kwa mgombea huru aliniokoa: karatasi nzima ilijaa watu wasioandikishwa wadi yetu. Ada ya kugombea nililipa nusu kwa kuwa mwanamke, shilingi 2,500, kama mlivyosema. Kupita nyumba kwa nyumba kulizaa. Mikutano ya hadhara, mniwie radhi mlioishauri, ilinilia pesa bure. Nilipofeli ni kwa maajenti, wale wa kumwakilisha mgombea kituoni kura zikipigwa na kuhesabiwa. Vituo vinne sikuwa na mtu, nakala za fomu 36A, ile ya matokeo ya kituo, sikupata.

Nilitoka wa pili. Kitini karudi MCA yule yule, ila siku hizi tukikutana salamu anaanza yeye.