Tupeane uzoefu: Dhana ya sheria au maadili ya biashara uliyoielewa baada ya kukukuta

Mwanzisha mada

Ndugu wadau, nawasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika somo la sheria na maadili ya biashara, na kila muhula naona jambo lile lile: wanakariri fasili ya mkataba neno kwa neno, lakini ukiwapa tangazo la biashara na kuwauliza kama lina mkataba ndani yake, wananyamaza. Naomba kila mmoja alete kisa chake mwenyewe cha dhana iliyomwingia baada ya kuiona ikifanya kazi, au ikimuumiza.

Naanza na changu. Nilishindwa kuelewa ni kwa nini kisu kilichowekwa kwenye dirisha la duka pamoja na bei yake, katika shauri la Fisher dhidi ya Bell, kilihesabiwa kuwa mwaliko tu kwa mnunuzi atoe ombi la kununua, ilhali tangazo la gazetini la kampuni ya Carbolic Smoke Ball liliibana kampuni hiyo mbele ya Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1892. Kwangu mimi, yote mawili yalikuwa ni kutangaza bidhaa. Nilirudia kuisoma hukumu ile hadi nikafika mahali inapotajwa kwamba kampuni iliahidi pauni 100 kwa yeyote atakayetumia kifaa chake cha kujikinga na mafua mara tatu kwa siku kwa wiki mbili na bado akaugua homa ya mafua, na kwamba ilikuwa imeweka pauni 1,000 benki ili kuonyesha kuwa haikuwa na mzaha. Bibi Carlill alikitumia, akaugua, akadai. Ni fedha ile iliyokaa benki iliyonifumbua macho kuhusu nia ya kufungwa na ahadi, na tangu siku hiyo nikisoma tangazo lolote natafuta kwanza aliyelitoa amejifunga kwa lipi.

Mchangiaji wa pili

Changu kina uchungu. Mimi na mwenzangu tulisajili kampuni tukiwa bado masomoni, wiki chache baada ya kufundishwa shauri la Salomon lililoamuliwa Uingereza mwishoni mwa 1896, lile la mtengeneza viatu wa London aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni ambayo wanahisa wake walikuwa yeye, mkewe na watoto wao watano. Bunge la Mabwana, likiwa ndiyo mahakama ya juu kabisa, liliamua kwamba kampuni ni mtu mwingine kisheria na madeni yake si madeni ya mwenye hisa. Niliamini kwa moyo wote kwamba mali yangu ilikuwa salama.

Mkopeshaji alipotuletea karatasi, mkataba wa mkopo ulikuwa na jina la kampuni, na nyuma yake ilibanwa karatasi fupi yenye kichwa "Dhamana Binafsi", yaani ahadi kwamba kampuni ikishindwa kulipa nitalipa mimi. Niliitia saini kwa kalamu ile ile, mkono ukiwa bado umekolea kasi ya kusaini, bila kuisoma. Biashara ilipokwama, hakuna aliyeigusa kanuni ya Salomon: kampuni ilidaiwa kwa jina lake, nami nikadaiwa kwa jina langu, kwa ahadi niliyoitoa mwenyewe. Nililipa kwa miaka minne. Mnaofundisha ukomo wa dhima, yaani mwenye hisa kutobeba madeni ya kampuni, nawasihi mwonyesheni mwanafunzi karatasi hiyo ya pili siku hiyo hiyo, kwa sababu kampuni changa ikienda kukopa mara nyingi huikuta.

Mchangiaji wa tatu

Langu ni fupi. Nilikuwa katibu wa kamati ya manunuzi, na mmoja wa walioomba zabuni alikuwa shemeji yangu. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote, hivyo nikajiambia kwamba nikinyamaza hakuna atakayeumia. Kilichonirudisha ni kukumbuka kwamba mgongano wa maslahi haungoji upendeleo utokee. Upo tangu maslahi mawili yanapokutana ndani ya mtu mmoja. Nilitangaza uhusiano wetu kikaoni, ukaandikwa kwenye muhtasari, nikatoka nje wakaamua bila mimi.

Mchangiaji wa nne

Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika ghala moja la vinywaji, tuligundua kwamba vifuniko vya sehemu ya shehena havikuziba sawasawa. Msimamizi akasema watumiaji hawana mkataba nasi, kwani wananunua kwa wauzaji wa rejareja. Nikamweleza shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson la mwaka 1932: mama aliyedai kuugua kwa kinywaji chenye konokono hakukinunua mwenyewe, alinunuliwa na rafiki yake, na bado Bunge la Mabwana liliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa tahadhari kwa mtumiaji wa mwisho. (Konokono aliyedaiwa kuwamo chupani hakuwahi kuthibitishwa, iliamuliwa hoja ya sheria tu.)

Akaniuliza, "Na asipodhurika mtu?" Hapo sheria ya uzembe ilinikaukia mdomoni, kwa maana pasipo madhara hakuna dai. Nikamtajia Johnson & Johnson, ambao mwaka 1982, baada ya watu saba wa eneo la Chicago kufa kwa vidonge vyao vya kutuliza maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sianidi na mtu asiyejulikana, waliondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31 ingawa sumu haikutoka viwandani mwao. Hakutikisika. Nikachukua chupa moja, nikailaza juu ya karatasi mezani pake, tukasubiri. Baada ya dakika kama kumi doa la maji lilikuwa limezunguka kifuniko. Alilitazama kwa muda, akainua simu na kuuzuia mzigo.

Mwanzisha mada

Na chupa zilizokuwa zimeshatoka?

Mchangiaji wa nne

Hazikufuatwa. Nami sikuuliza tena, ingawa nilikuwa na orodha ya waliozichukua mkononi.