Acheni kupotosha watu: kwenye Baldur's Gate 3 hakuna mganga wa kumtoa kiluwiluwi

Wakuu, nafungua uzi huu kwa hasira, na hasira yenyewe si ya bure. Kijana wa Gungu au Ujiji analipia PS5 kwa saa kibandani. Gemu lina maandishi kama msahafu, Kiswahili hakimo, kwa hiyo anategemea maelezo yenu. Nanyi wenye nyuzi za ushauri humu jukwaani mnamwambia mambo mawili kwa kujiamini kabisa. La kwanza, akimbize misheni wala asilale, maana siku saba zikitimia mhusika wake anageuka ilithidi, yaani jitu lenye mikia ya pweza mdomoni. La pili, aende kwa bibi wa kwenye kinamasi akamtoe kiluwiluwi, yule mdudu wa ilithidi ambaye mhusika anapandikizwa kichwani mwanzoni mwa gemu. Yote mawili ni uongo, na yote mawili yanamla hela yake.

Nianze na siku saba. Ni kweli kwamba katika simulizi za mchezo wa mezani uliozaa gemu hili, Dungeons & Dragons, kiluwiluwi wa ilithidi akishaingia kwenye jicho anakula ubongo na ndani ya wiki moja hivi mwili wote umegeuka. Lae'zel, mpiganaji wa kabila la Wagithyanki unayesafiri naye, anakutisha kwa hilo tangu mwanzo: homa, kupoteza kumbukumbu, mwisho. Lakini gemu halina saa inayohesabu siku hizo. Lala hata usiku mia, hutageuka. Kinachokuzuia kulala ni chakula tu, yaani pointi 40 za akiba ya kambi kila usiku kwenye ugumu wa kawaida, na 80 ukichagua ugumu mkubwa zaidi wa Tactician. Asiyelala anaingia kwenye pigano mchawi wa kundi lake, Gale, hana uchawi uliobaki na damu ziko nusu, anapigwa, anarudia, saa inaisha. Halafu mnamwambia hajui kucheza!

Yapo matukio machache yanayosonga ukilala, na hayahusiani na mdudu. Ukishaikuta nyumba ya wageni ya Waukeen's Rest inaungua, okoa watu hapo hapo, kwa sababu ukienda kulala kwanza wanakufa. Ukishafika Grymforge, ile ngome ya chini ya ardhi, kiongozi Nere aliyefukiwa na mawe hatakusubiri usiku mwingi. Haya ndiyo ya kumwambia mgeni wa gemu.

Sasa hao waganga. Nettie, yule mganga mbilikimo wa kwenye boma la madruidi, makuhani wa msituni, hana tiba. Ukimweleza ukweli anakufungia ndani, na mkielewana anakupa chupa ya sumu ya wyvern uape kwamba utainywa dalili zikianza. Halsin mwenyewe, mkuu wa madruidi hao, ukishahangaika kumtoa kwa magoblini, anakwambia hawezi, nenda Moonrise Towers. Volo, yule msimulizi wa hadithi, anakuchokonoa jicho kwa sindano mpaka linatoka, kiluwiluwi anabaki palepale. Ila hapa kuna faida ambayo hamuitaji kabisa: anakuwekea jicho la bandia linalokuonyesha maadui wasioonekana, na linakaa nawe mpaka mwisho wa gemu. Mtu akifanyiwa upasuaji wa Volo akijua anafuata jicho hilo, amefanya la maana. Akienda akidhani anapona, mmemdanganya.

Auntie Ethel, yule bibi wa kinamasi, ndiye mnayempigia debe kuliko wote, na ndiye mbaya kuliko wote. Anataka jicho lako kama malipo. Unampa, anajaribu, anashtuka kwamba mdudu amechezewa na uchawi asiouweza, basi. Jicho harudishi. Unabaki na doa la kudumu: kugundua mitego na vitu vilivyofichwa kunakuwa kwa shida, na mapigo yako makali hayawapati tena wachawi wa aina yake. Unachopata ni nyongeza ya 1 tu kwenye kutishia watu. Nani alimshauri mtu mwenye akili timamu afanye biashara hiyo?

Omeluum, yule ilithidi mstaarabu anayeishi chini ya ardhi kwenye koloni la wale watu-uyoga, angalau ni mkweli. Anakutuma umletee Tongue of Madness na mbegu za uyoga wa timmask, anakupikia dawa, inashindwa, anakueleza kwa nini imeshindwa. Fanyeni misheni hiyo kwa ajili ya maelezo yake.

Halafu kuna zaith'isk, mashine ya Wagithyanki iliyo ndani ya kituo chao cha Crèche Y'llek, chini ya monasteri ya Rosymorn. Lae'zel ataapa kwamba ndiyo tiba. Ile mashine kazi yake ni kumuua aliyelala juu yake pamoja na mdudu wake. Sevu kabla ya kupanda. Unarusha dadu hatua kwa hatua. Ukifeli unashuka na upungufu wa kudumu. Ukifaulu zote unaamka na hali inayoitwa Awakened, ambayo inakuwezesha kutumia nguvu za ilithidi kwa kitendo cha ziada badala ya kitendo chako kikuu cha zamu. Kwa mpiganaji hiyo ni tofauti kubwa sana. Ila tazama ulichopata: ulikwenda kutibiwa, umetoka ukimtumia mdudu vizuri zaidi.

Kwa nini wote wanashindwa? Funza anatoka kwa pini kwa sababu hakuna mtu aliyemshika kwa ndani. Huyu ameshikwa. Viluwiluwi wote wamefungwa na uchawi wa Netheril, dola ya kale ya wachawi, kupitia Taji la Karsus, lililovishwa ubongo mkuu wa mailithidi, na ubongo huo ulikuwa unaamrishwa na watu watatu wenye mawe matatu: Ketheric, Gortash na Orin. Ubongo huohuo, unaoabudiwa kama mungu kwa jina la the Absolute, ndio unaomzuia kiluwiluwi asikugeuze mpaka aamriwe. Na kinachozuia wewe usitii amri ni kile kijiwe alichobeba mwenzako Shadowheart, ambamo amefungwa Orpheus, mwanamfalme wa Wagithyanki. Kwa hiyo dawa haiko kwa mganga yeyote wa sehemu ya kwanza ya gemu. Ubongo ukifa, viluwiluwi wote wanakufa nao, na mhusika wako anapona bila kung'olewa kitu.

Lawama zangu kwa waliotunga gemu ni hapa. Tangu lilipotoka Agosti 2023 limesifiwa dunia nzima, na kwa uandishi wa wahusika linastahili. Lakini kwa saa nyingi linakutisha kwamba kila kiluwiluwi unayemeza ili uongeze nguvu za ilithidi anakusogeza kwenye ugeuko, halafu wale wa kawaida unaookota kwa maadui hawana adhabu yoyote ya mwisho. Wameze wote, utapona sawasawa na aliyekataa kuwagusa. Aliyejinyima alijinyima bure, akakosa uwezo kama Cull the Weak, unaomuua papo hapo adui aliyebakiwa na damu zisizozidi idadi ya nguvu ulizofungua. Mwenye gharama ya kuonekana ni yule mmoja unayepewa na Emperor, ilithidi anayekulinda kutoka ndani ya kile kijiwe, kuelekea sehemu ya tatu, ambaye anakujaza mishipa myeusi usoni. Hofu ya kiwango kile ilidai bei. Kuiacha bila bei ni kumdharau mchezaji aliyewaamini.

Na bei ilipokuja, wameihamishia kwa mtu mwingine. Kuutiisha ubongo kunahitaji ilithidi kamili wa kushika yale mawe. Ukikubaliana na Emperor, anafanya yeye, na Orpheus analiwa. Ukimfungua Orpheus, kwa nyundo ya Orphic inayopatikana kwa shetani Raphael, Emperor anakimbilia upande wa ubongo, na lazima ageuke Orpheus, au wewe, au mwenzenu Karlach kama mko naye. Njia pekee ya kukwepa ni Gale kujilipua pale juu, na Gale anakufa. Mkishashinda, ukichagua kuutawala ubongo badala ya kuuangamiza, hujapona. Umekuwa wewe ndiye ugonjwa.

Astarion, yule mnyonya damu (vampaya) unayesafiri naye, hamumtaji kamwe. Kiluwiluwi ndiye anayemruhusu kutembea juani. Akifa, jua linamchoma tena, isipokuwa kama ulimwacha akamilishe ule ushetani wa Cazador, bwana wake wa zamani, kwa roho za watu elfu saba. Mchezaji anatakiwa kulijua hilo kabla ya kufika kwa Cazador.

Wale wenye uzi wa "tiba ya haraka kwa Ethel", urekebisheni leo. Anayeshikilia kwamba alipona pale, aweke video nzima ya mazungumzo kuanzia anapotoa jicho, na atuonyeshe hali za mhusika wake baada ya hapo.